Mtoto Haji Skuli Mikono Mitupu: Mwongozo kwa Walimu wa Madarasa ya Chini, Unguja na Pemba

Orodha anayokabidhiwa mwalimu wa darasa la kwanza kila Januari ina jina la mtoto, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na mtaa. Haimwambii kwamba msichana wa mstari wa tatu anajua ni siku gani bahari itatoka mbali, kwa sababu mama yake analima mwani. Haimwambii kwamba mvulana anayemfuata hurudisha chenji ya vitumbua jioni bila kukosea, wala kwamba nusu ya darasa wamekwisha kukaa chuoni, wakisoma Qur'ani mbele ya maalimu, na wanaitambua alifu na bee kabla ya kuijua a na be.

Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alitangaza elimu bure Septemba 23, 1964. Tangu hapo mazungumzo ya skuli na wazazi yamekuwa yakirudi kwenye suala lile lile: nani atoe nini. Saruji, madawati, uji, nguvu za kuchimba msingi. Michango hiyo ina umuhimu wake na sitaibeza. Ila kuna jambo ambalo familia inaweza kutoa bila kugusa mfuko, nalo ni ule ujuzi ambao mtoto anaamka nao na kulala nao, na mara nyingi hatujauliza hata mara moja ni ujuzi gani. Mwongozo huu ni wa namna ya kuuliza, na namna ya kuyatumia majibu darasani. Nimeuandika nikiwafikiria walimu wa vijiji vya pwani, lakini wa mashamba ya karafuu Pemba na wa mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, watapata pa kushika.

Anza na kalenda ya kijiji

Kabla ya kwenda nyumba ya mtu yeyote, kaa na walimu wenzako wenyeji mchore kalenda ya mahali penu. Chukua karatasi kubwa, gawa miezi 12, kisha andikeni maisha ya kijiji yanavyokwenda: kaskazi inapovuma na kusi inapoingia, masika na vuli, msimu wa maembe, wakati wa kulima na wakati wa kuvuna muhogo. Kwa Pemba, andikeni msimu wa karafuu, maana mahudhurio hupungua na kila mwalimu anajua sababu. Kwa Makunduchi, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, mwezi wa Julai. Ramadhani iandikeni kwa penseli, kwani kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11.

Kisha wekeni bamvua na maji mafu, na hapa msipite haraka. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje, Bwejuu na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wengi ni wanawake, bahari ndiyo inayopanga siku ya mama. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana kiasi cha saa 4 asubuhi. Mama wa mwani, wa chaza na wa pweza wote wako pwani saa hizo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki vya kutosha na asubuhi wako nyumbani. Skuli inayoitisha mkutano saa 4 asubuhi siku ya bamvua, halafu ikalalamika kwamba wazazi hawajali elimu, imejitakia. Kalenda hii pekee, hata usipofanya lolote jingine katika mwongozo huu, itakupunguzia manung'uniko ya mwaka mzima.

Waulize pia wale wanaojua zaidi yetu: mlinzi wa skuli, mama wanaouza mihogo na ubuyu getini, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia. Muulize sheha shughuli za shehia nzima, maana huenda kuna fundi wa ngarawa au mkunga wa jadi nyuma ya skuli yako na wewe hujawahi kusikia jina lake.

Nenda nyumbani kwa mtoto

Hii ndiyo hatua inayobeba zote. Mimi ningesema ukikosa muda wa kila kitu, usikose hii.

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, mjulishe sheha, kisha peleka taarifa nyumbani siku mbili tatu kabla. Taarifa iseme wazi kwamba unakwenda kusalimia. Kwa wazazi wengi mwalimu akionekana mlangoni maana yake mtoto ameiba, amepigana, au ametoroka, na yupo mtoto atakayechapwa kabla hujafika. Kwa sababu hiyo, usianze na watoto wenye matatizo. Anza na yule mtulivu ambaye hajawahi kukupa sababu ya kumfikiria. Habari ikishaenea mtaani kwamba mwalimu anakwenda hata kwa wasio na kesi, milango mingine itafunguka yenyewe.

Chagua saa vizuri. Asubuhi ya bamvua hakuna mtu. Ijumaa mchana usiende, na karibu na magharibi usiende. Baada ya alasiri katika siku za maji mafu panakuwa na utulivu. Kwenye skuli za mikondo miwili, mwalimu wa mkondo wa asubuhi ana nafasi nzuri zaidi mchana.

Mwalimu wa kiume asiende peke yake pale ambapo atamkuta mama tu. Afuatane na mwalimu mwanamke au mjumbe mwanamke wa kamati ya skuli, na mazungumzo yafanyike barazani. Mwalimu wa kike akikaribishwa ndani, aingie. Piga hodi, toa salamu, ngoja ujibiwe. Shikamoo ya bibi mwenye nyumba iwe ya kwanza, hata kama aliyekualika ni mama wa mtoto. Ukiletewa maji au dafu, pokea. Ukikataa, utakuwa umekataa na mengine yote yatakayosemwa baada ya hapo.

Usichukue fomu, wala usiandike huku mtu anazungumza. Karatasi humfanya mzazi ajibu anachodhani serikali inataka kusikia. Na usiulize kipato, idadi ya wake, wala baba aliko. Kama kuna jambo la kujua, wakikuamini utaambiwa.

Maswali yenyewe yawe ya kawaida, na yaende kwa mpangilio huu au unaokaribia:

"Mama, huyu akitoka skuli na chuoni hupenda kufanya nini?"

"Kazi gani mkimpa hamna wasiwasi naye?"

"Nani aliyemfundisha?"

"Nyinyi mlifundishwa na nani?"

Swali la nne ndilo linalofungua nyumba. Babu aliyekuwa nahodha wa jahazi, shangazi anayejua kushona kofia za viua, mjomba anayetengeneza boti za mashine: wote hujitokeza hapo. Mpe nafasi bibi aseme, hasa kwa vile watoto wengi wanalelewa na bibi zao na bibi hawaalikwi mikutanoni. Mwisho mgeukie mtoto umwambie, "Haya mwanangu, nionyeshe." Akuonyeshe dema (mtego wa samaki) analosaidia kusuka, kuku wake, bustani ya mchicha, au ukili wa mkeka alioufikisha nusu. Mtazame mkono wake unavyokwenda. Mtoto anayekaa kimya darasani utamsikia akieleza kwa ufasaha ambao hukuujua.

Nusu saa inatosha. Ukikaa zaidi unamzuia mama kupika.

Darasa likiwa na watoto 60 au 80, huwezi kuzimaliza nyumba zote, na usijitese. Nenda nyumba mbili kwa wiki, ukichagua mitaa tofauti. Kwa waliobaki, wasindikize: siku moja katika wiki toka na watoto wa mtaa mmoja, tembea nao hadi kwao, salimia kila baraza mnayopita. Utajua mengi njiani. Utajua nani anabeba mdogo wake, nani anapita kisimani kwanza, nani njia yake ni ndefu kuliko ulivyodhani, na kwa nini yule mmoja huchelewa kila Jumatatu.

Andika jioni ile ile

Nunua daftari moja gumu, kila mtoto ukurasa. Andika mambo matatu: anachokijua, aliyemfundisha, na anachokipenda. Kwa mfano: "Anajua kufunga mwani kwenye kamba na kuhesabu kamba za mama yake. Kafundishwa na mama na dada mkubwa. Anapenda kuigiza sauti za ndege." Basi.

Magonjwa, ugomvi wa ndoa, madeni na siri za nyumba havina nafasi humo, kwa sababu daftari la skuli husomwa na wengi. Na usiandike sifa kama "mvivu" au "hana akili", hata kwa lugha ya upole. Ukurasa ukibaki mtupu baada ya miezi miwili, jua kwamba kazi iliyobaki ni yako, na mtoto hana kosa. Panga kwenda kwao wiki inayofuata.

Geuza ujuzi kuwa somo

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanarudi na hadithi nzuri za nyumbani, halafu Jumatatu wanaandika ubaoni mfano ule ule wa kitabuni. Nitaeleza masomo mawili kwa urefu, mengine utayabuni kutokana na daftari lako.

La kwanza ni chenji. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti uliofanywa Recife, Brazil, kwa watoto wanaouza vitu mitaani. Watoto wale walipoulizwa hesabu pale pale kwenye biashara zao, walipata zaidi ya 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu zenye namba hizo hizo kwa karatasi na penseli, walipata kiasi cha 37 tu. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 kwa cruzeiro 35 kila moja. Alianza na nazi 3 anazozoea kuuza pamoja, akapata 105, akaongeza 105 nyingine mbili, kisha 35 ya mwisho, akafika 350. Skuli ingetaka aongeze sifuri tu. Lakini njia yake ni sahihi, na aliielewa.

Mwalimu wa Unguja hana haja ya kwenda Brazil kuliona hilo. Chukua mtoto anayeuza vitumbua. Mwambie: kitumbua shilingi 200, mimi nataka 7, hii noti ya 2,000. Atakwambia, "Vitano elfu moja, viwili mia nne, elfu moja na mia nne. Mia, elfu moja mia tano. Mia tano, elfu mbili. Chukua mia sita." Sasa mwandikie 2,000 toa 1,400 kwa safu, ubaoni, na huenda akakwama kwenye kukopa. Kazi yako ni kuziunganisha njia hizo mbili mbele ya macho yake. Andika ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, hatua kwa hatua: 1,400 + 100 = 1,500; 1,500 + 500 = 2,000; 100 + 500 = 600. Liambie darasa hii ndiyo hesabu ya mwenzenu, kisha waonyeshe kwamba kutoa na kujazia vinafika pahala pamoja. Baada ya hapo ndipo ulete safu na kukopa, wakijua jibu wanalolitafuta. Wiki hiyo fungua duka darasani: sarafu za kadi, bei za kweli za kijijini, na wauzaji wawe wale wanaouza kweli. Wao wawafundishe wengine. Utamwona mtoto wa mkia wa darasa akisahihisha hesabu za wa mbele.

La pili ni bahari, na linachukua wiki mbili kamili. Bandika ukutani karatasi yenye siku 15. Kila asubuhi mtoto ambaye nyumbani kwao wanakwenda pwani ataje saa ambayo maji yatakuwa yamepwa kabisa leo, na mwingine achore mwezi alivyouona jana. Usiwape jibu lolote. Baada ya siku nne tano, uliza: "Jana na leo, saa imesogea kiasi gani?" Watapata tofauti ambazo hazilingani, dakika 35 siku moja na zaidi ya saa nzima siku nyingine, lakini kwa wastani zinazunguka dakika 50. Wakifika siku ya 15 wataona kwamba maji yamerudi kupwa karibu na saa ile ile waliyoanzia, na mwezi umebadilika kutoka mwembamba hadi duara. Hapo waulize bibi zao walijuaje bila saa. Kwa darasa la pili, somo ni kusoma saa na kutoa dakika. Kwa darasa la nne, chora mstari wa grafu. Kwa la tano na la sita, ongeza mvuto wa mwezi na jua, na kwa nini bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi.

Kutoka hapo mwani wenyewe una sayansi ya mwaka mzima. Hufungwa kwa vipande kwenye kamba baina ya vigingi, huvunwa baada ya wiki 6 hivi. Watoto wahesabu: ni mabamvua mangapi hayo? Leteni mwani mbichi kilo moja, upimeni, uanikeni uwanjani, upimeni tena kila siku hadi uzito usishuke. Pemba wafanye hivyo hivyo kwa karafuu mbichi na kavu, na makonyo yake (vijiti vyake) pembeni. Kisha ulizeni kwa nini mama wengi waliacha ule mwani mnene wa bei nzuri wakabaki na mwembamba. Watoto watakueleza wenyewe kwamba ule mnene ulikuwa unageuka mweupe na kukatika. Joto la maji ya kina kifupi limepanda, na mmea ule haulivumilii. Hapo mada ya mabadiliko ya tabianchi imekwisha kuingia darasani na aliyeileta ni mtoto wa miaka tisa.

Mengine kwa ufupi. Ukili una ruwaza, shufwa na witiri, na unapimwa kwa pima na mikono: shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Waache wapime ubao kwa shubiri zao, wagombane majibu, ndipo utoe rula. Kibaba na pishi vinafundisha robo vizuri kuliko mchoro wa duara, kwa vile vibaba vinne vinajaza pishi moja na mchanga upo. Mdako, mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, unafundisha kuhesabu kwa makundi. Vitendawili viwe vya kufungulia kipindi cha lugha, na wavilete wao kutoka kwa babu na bibi, usiwatolee wewe kitabuni.

Herufi za chuoni na lugha ya nyumbani

Mtoto aliyesoma juzuu kwa maalimu ana mambo makubwa mkononi ambayo mwalimu wa kusoma na kuandika anayahitaji mno. Anajua kwamba alama husimama badala ya sauti. Anajua kuunganisha alama na irabu yake, kukaa kitako na kurudia mpaka ishike, na kusikiliza makosa yake yakisahihishwa kwa sauti. Mwambie hivyo. "Unajua bee na fataha inasoma nini? Ba. Basi na huku b na a, ba." Ni dakika moja, na inampa mtoto heshima ya kuwa amekwisha kuanza.

Jambo moja la kuangalia: chuoni mstari unaanzia kulia. Ukiona mtoto anaandika jina lake kinyume au anaanzia kulia, huenda hana tatizo lolote la akili wala la macho. Weka nukta ya rangi upande wa kushoto wa ukurasa kwa wiki chache. Na nenda kamsalimie maalimu wake. Walimu wawili wanaomfundisha mtoto mmoja kila siku, wanaishi mtaa mmoja, na hawajawahi kuzungumza habari zake, ni hasara ya bure. Kubaliana naye hata saa tu, ili mtoto wa mkondo wa mchana asikimbie kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kula.

Kuhusu lahaja: mtoto wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Nungwi au wa Micheweni anazungumza Kiswahili cha kwao, tofauti na hiki tunachosahihishia mitihani. Asichekwe. Akijibu kwa lahaja yake na jibu ni sahihi, pokea jibu kwanza, kisha useme, "Na kitabuni tunaandika hivi." Tengenezeni orodha ya ukutani yenye safu mbili, ya nyumbani na ya kitabuni, ikue mwaka mzima. Jibu likitupwa kwa sababu ya lahaja, mtoto huacha kujibu, na ni vigumu sana kumrudisha. Vivyo hivyo kwa waliotoka Bara na lugha nyingine za nyumbani. Safu ya tatu haina gharama.

Mlete mjuzi darasani

Ukurasa fulani wa daftari lako utakwambia nani wa kumwalika. Fundi wa ngarawa, msusi wa makuti, mkulima wa mwani, muuguzi wa kituo cha afya, dereva wa gari la shamba. Mfuate nyumbani, usimwite kwa barua. Mwambie hasa unachotaka: dakika 30, aje na zana zake, afanye kazi yake mbele ya watoto, na wewe utauliza. Wengi wanaogopa neno "kufundisha" kwa sababu waliachia skuli darasa la nne, lakini akipewa shoka na gogo hofu inaisha.

Andaa watoto siku moja kabla. Kila kundi liandike maswali mawili, na la kwanza lisiwe "jina lako nani". Mjulishe mgeni kwa heshima yake kamili, Mzee fulani au Bi fulani, na mwalimu ukae chini pamoja na watoto. Kumuona mwalimu akimsikiliza mvuvi kunamfundisha mtoto wa mvuvi jambo ambalo huwezi kulisema kwa maneno. Baadaye waandike, wachore, wahesabu. Mgeni apelekewe kazi hizo nyumbani, asishukuriwe kwa soda tu. Kama amepoteza siku ya kazi, kamati imfidie nauli na chochote inachoweza. Ujuzi wake ni mali.

Mkutano wa wazazi usiwe wa michango peke yake

Uitishe siku za maji mafu, na utangazwe msikitini, kwa sheha na kwenye kundi la WhatsApp, maana si kila mama ana simu janja na si kila baba anasoma tangazo la getini. Anza na kazi za watoto zilizobandikwa ukutani: grafu ya bahari, duka, orodha ya lahaja. Kila mzazi atafute jina la mwanawe kabla ya kukaa. Kisha wagawe katika vikundi vidogo, kina mama peke yao ikibidi, wajibu swali moja: "Mtoto wa hapa akimaliza skuli, tungependa awe anajua nini cha kwetu?" Andika majibu. Suala la pesa liwe la mwisho, na hesabu ya zilizopita isomwe kwanza, shilingi kwa shilingi.

Usimtaje hadharani mzazi ambaye hajachangia. Mtoto wake atajua usiku huo huo, na wenzake watajua asubuhi.

Mipaka isiyovukwa

Kuuheshimu ujuzi wa mtoto hakumaanishi kuibariki kazi inayomtoa skuli au inayomuumiza. Kumsaidia mama kufunga mwani Jumamosi ni malezi. Kukesha dagoni (kambi ya wavuvi), kupanda mikarafuu mirefu, au kuuza hadi saa 4 usiku ni jambo jingine, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda mtoto na kazi zenye madhara. Daftari likikuonyesha hilo, zungumza na mzazi kwanza kwa faragha, ukijua kwamba mara nyingi nyuma yake kuna njaa, kisha kamati na sheha watafute msaada. Dalili za kupigwa, kunajisiwa au kutelekezwa hazisubiri mkutano. Ripoti kwa ofisa wa ustawi wa jamii au kituo cha Mkono kwa Mkono, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Usimhoji mtoto mbele ya wenzake, na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu.

Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna fani ya kuonyesha asiachwe nyuma. Kulea mdogo, kumwongoza babu asiyeona, kuchota maji bila kumwaga na kujua njia zote za mtaa navyo ni ujuzi. Uandike. Na familia ikikataa kutembelewa, ikubalie. Salamu ya njiani inatosha kwa mwaka huo.

Kwa mzazi anayesoma haya

Ndugu yangu, usingoje mwalimu aje. Mwambie kitu kimoja anachokiweza mwanao, hata mkikutana sokoni. Ukimtuma mtoto dukani, muulize alivyopiga hesabu. Ukiwa unasuka, unapika au unatengeneza wavu, mkalishe karibu umweleze unachokifanya na sababu yake. Ukiwa hukusoma, mwambie akusomee alichoandika leo na umsikilize mpaka mwisho.

Mwisho wa mwaka

Mwezi wa Novemba pitia daftari lote na mwalimu atakayelipokea darasa. Soma naye ukurasa kwa ukurasa, muonyeshe nyumba ambazo hujazifikia, na mwende pamoja japo katika nyumba moja ili akajulishwe na mtu anayejulikana. Toa kopi ya kalenda ya kijiji, rekebisheni Ramadhani na mabamvua ya mwaka unaofuata, kisha daftari likabidhiwe kwa mkono likafungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu hadi Januari.